Kichwa cha Nashipae na Kuku wa Mwende

Walisema nitaweza kuchora ng'ombe, nitaweza kuchora kinyozi akinyoa, na nikijikaza nitaweza kumchora mchungaji wa kanisa na tai yake. Lakini mtoto, walisema, sitaweza. Mjomba wangu alisema mtoto hatulii. Mwalimu wangu wa chuo alisema mtoto hana sura bado, ana mashavu tu. Na Mama Mwende, aliyekuwa akiuza nyanya na sukuma mbele ya kibanda changu pale Noonkopir, Kitengela, alisema neno ambalo nimelibeba miaka kumi na minane: "Diploma, wewe unajua kuchora ngozi. Mtoto haishi kwenye ngozi."

Diploma ndilo jina langu mtaani. Alinibandika yeye mwenyewe, kwa kejeli, na mimi nikalipokea kwa heshima zote, kwa sababu diploma ninayo na wengi wa waliocheka hawana.

Sasa nimestaafu. Kidole gumba cha mkono wa kulia kinavimba nikishika penseli zaidi ya nusu saa, na fundi mwenye akili huondoka kabla mkono haujaanza kumwaibisha. Nawaandikia nyinyi mafundi mnaobaki kwenye studio yangu. Sitawaeleza nililipwa ngapi wala nani alinipigia makofi, ingawa walikuwa wengi. Nitawaeleza nilivyojifunza kuchora uso wa mtoto ukiwa na mtoto ndani yake, maana hilo ndilo mtakaloulizwa kila siku.

Nilizaliwa Kitengela wakati nyumbu walikuwa wengi kuliko nyumba. Baba alikuwa Mkamba aliyekuja kuvunja mawe kwenye machimbo, na majirani zetu wote walikuwa Wamaasai. Nilianza kwa kuandika mabango: "Kinyozi Safi", "Hapa Tunauza Maziwa", "Usikojoe Hapa". Kwa mabango hayo nilijisomesha chuo Nairobi, bila mfadhili wala harambee, nikapata diploma ya uchoraji yenye mihuri miwili. Kisha nikaenda Dubai. Miaka saba nilikaa kwenye ujia wa duka kubwa, nikichora watu kutoka kwa picha za simu zao. Niliweza kumaliza mtu na ndevu zake kabla kahawa yake haijapoa. Niliporudi nilikuwa na sanduku la penseli, kiti cha kukunja, na majivuno ya kutosha kata nzima.

Kifaa cha kwanza ninachotaka mkithamini ni wembe. Msichonge penseli kwa kichongeo. Kichongeo hutoa ncha fupi inayokwaruza, na shavu la mtoto halikwaruzwi. Chongeni kwa wembe, ncha iwe ndefu kama mwiba wa mgunga, kisha mlaze penseli ubavu. Cha pili ni raba laini, ile inayokandwa kama unga wa chapati. Hiyo si ya kufuta makosa. Ni ya kuinua mwanga: unagusa tu, na mahali pa giza panapumua. Mambo hayo mawili nilikuwa nayajua tangu zamani, na bado nilishindwa.

Nilifungua kibanda, nikapiga diploma fremu ya aluminiamu, nikaitundika mahali ambapo mtu hawezi kuingia bila kuiona. Nikangoja wateja. Walikuja, wakaisoma, kisha kila mmoja akauliza swali lile lile: "Unaweza kunichorea mtoto?" Mtu mzima wa Kitengela hujipiga picha mwenyewe kwa simu, tena akiinua kidevu. Ukutani anamtaka mtoto wake.

Nilichora watatu wa kwanza kutoka kwa picha za simu, kama Dubai. Wote walitoka kama wazee wafupi. Ndipo nikaelewa kwamba nahitaji watoto wenyewe, mbele yangu, wa kujifunzia. Nikawaendea akina mama wa sokoni, mmoja mmoja.

"Nikopeshe mtoto wako Jumamosi," nikawaambia. "Nitamchora mara tatu, mara nne. Nikishajua, nitakulipa kwa picha yake moja nzuri, ya kuweka ukutani mpaka uzeeni."

"Na usipojua?" akauliza Mama Mwende.

"Mama Mwende, mimi niko na diploma."

"Hata mbwa wa mwalimu hulala shuleni," akasema, na wenzake wakacheka mpaka nyanya zikaanguka. Lakini alikuwa wa kwanza kunikopesha. Kwa jumla nilikopeshwa nyuso kumi na moja.

Mwende alikuwa na miaka sita. Alikuja amebeba kuku mweupe kwapani.

"Weka kuku chini," nikamwambia.

"Anaitwa Madam."

"Weka Madam chini, keti kwenye stuli, angalia hapa, usitikisike."

Alimweka Madam chini, akaketi, akaangalia, hakutikisika. Nilimchora kwa yote niliyofundishwa: macho chini kidogo ya nusu ya kichwa, paji la uso pana, pua fupi, nafasi ya jicho moja kati ya macho mawili. Nikainua pembe za midomo kidogo ili afurahi. Kila kipimo kilikuwa sawa. Ningeweza kuupeleka mchoro ule mbele ya wakaguzi na wangenipa alama zote.

Mama Mwende alifuta mikono kwa aproni, akauinua, akautazama kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Huyu ni Mwende akiwa na miaka arobaini," akasema, "na ametoka kuongea na landlord."

Akauacha juu ya meza yangu, akarudi kwenye nyanya zake. Wale mama wengine kumi walikuwa na adabu zaidi. Walisema, "Ni mzuri, fundi, Mungu akubariki," kisha nao wakaondoka bila kuuchukua. Liandikeni hili: mteja akisema picha ni nzuri halafu aiache mezani, ameshakuambia ukweli. Nikazikusanya picha zote kwenye jalada. Nyuma ya kila karatasi niliandika jina la mtoto na alichokuja nacho siku hiyo. Nyuma ya karatasi ya Mwende niliandika: "Kuku. Alikataliwa."

Ilipita karibu mwaka. Siku moja akaja mwanamume anayefanya kazi ofisini Kajiado. Nitamwita Baba Nashipae, kwa sababu hata yeye alijiita hivyo. Binti yake Nashipae alikuwa amelelewa Kimana na bibi yake tangu alipoachishwa kunyonya. Sasa alikuwa na miaka saba, na baba alitaka kumleta mjini kwa shule.

"Mama yangu amekubali," akasema. "Lakini ameniambia, ukimchukua mtoto, niachie uso wake."

"Huna picha kwenye simu?"

Akanionyesha. Msichana mdogo, shanga shingoni, amesimama wima, macho yamekauka.

"Mama alikataa hii. Alisema hapa Nashipae anaonekana kama ameitwa na polisi. Fundi, watu wameniambia wewe huwezi watoto. Ni kweli?"

"Nani amesema?"

"Huyo mama wa nyanya hapo nje."

Nilifunga kibanda siku ile ile, nikaenda Kimana, ili kumwonyesha Mama Mwende. Kiburi kimenifikisha mahali pengi ambapo akili ingeniambia nisiende.

Kimana asubuhi ni kijani kitupu: mifereji ya maji, vitunguu, nyanya, na mlima ukijitokeza kidogo kabla mawingu hayajaufunika. Boma la koko, kama wanavyomwita bibi, lilikuwa nje kidogo ya mashamba. Nilipofika, koko alikuwa shambani akivuna vitunguu, na hakuonekana mpaka jioni. Nashipae aliletwa na shangazi yake. Alikuja mpaka mbele yangu, akasimama, akainamisha kichwa.

Mimi nilikuwa nabana karatasi kwenye ubao. "Habari yako, mrembo," nikasema. "Keti pale penye mwanga."

Akaketi. Kichwa bado chini.

"Inua uso kidogo."

Aliinua kidevu, lakini macho yakabaki kwenye miguu yangu. Siku nzima nilichora nywele na kope. Nilimpa biskuti, akala akiangalia chini. Nikaimba wimbo wa Kikamba, mbuzi wakaondoka. Siku ya pili asubuhi akaja tena, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa, na mimi nikasema tena, "Habari yako, keti pale." Nikalaumu mwanga, nikamhamisha. Nikalaumu shanga. Kufikia jioni nilikuwa nimefanya kile ambacho fundi mwoga hufanya: nikamchora tabasamu kutoka kichwani mwangu, lile la diploma, pembe mbili za midomo juu.

Koko alirudi kutoka shambani, akaangalia.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Nashipae, koko."

"Apana. Huyu ni mgeni. Mtoto akienda, mimi nibaki na mgeni kwa ukuta?"

Sikulala vizuri. Niliwaza kurudi Kitengela kimya kimya. Nikawaza pia Mama Mwende akiwa ameketi nyuma ya nyanya zake, akiningoja, na nikaamua kubaki siku moja zaidi.

Asubuhi ya tatu koko hakwenda shambani. Aliketi kwenye kigoda na chai yake, akitazama. Nashipae alikuja, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa. Nikafungua mdomo kusema keti pale.

"Fundi," koko akasema. "Wewe ulisalimia huyu mtoto?"

"Nimemsalimia, koko. Kila siku."

"Na nini?"

"Na... nimesema habari yako."

"Hiyo ni mdomo. Mtoto analeta kichwa siku tatu na hakuna mtu anachukua."

Naona aibu hata kuliandika. Mimi niliyezaliwa Kitengela! Mimi niliyekuwa nikipeleka kichwa changu kwa kila mzee wa Kimaasai jirani yetu, nikingoja kiganja chake kabla ya kukimbia kucheza! Ukiwa mdogo unajua kabisa: mpaka mkono uguse kichwa, bado hujafika. Bado hujaonekana. Miaka saba ya kuchora watu wa simu ilikuwa imenifutia hilo, na mtoto wa watu alikuwa amesimama mlangoni kwangu siku tatu bila kukaribishwa ndani.

Nikaweka penseli chini. Nikanyoosha mkono, nikaweka kiganja juu ya kichwa chake. Kilikuwa na joto la jua. "Supa, Nashipae," nikamsalimu kwa Kimaasai.

Alipumua, akainua uso.

Sikilizeni vizuri, maana kazi yangu yote imo katika pumzi ile. Hakutabasamu. Mtoto aliyepokelewa hatabasamu kwanza. Kwanza mabega yanashuka. Shingo inarefuka. Kope ya chini, si ya juu, inapanda kidogo sana, kama maji yanayojaa kwenye kikombe. Midomo inaachana upana wa punje ya mtama. Halafu macho yanakuja kwako yakiuliza: haya, na wewe ni nani? Kitu chote huchukua pumzi mbili au tatu, kisha kinakwenda na mtoto anaanza kucheza.

Sikugusa karatasi. Nilitazama tu mpaka kikaisha, nikafumba macho, nikakitazama tena ndani, ndipo nikachora. Nilianza na shingo. Tangu siku hiyo huanza na shingo. Mashavu niliyaacha karatasi tupu, kwa sababu kila mstari unaouweka kwenye shavu la mtoto ni mwaka mmoja unaomwongezea. Kope za chini nilizigusa kwa raba, mara moja kila upande. Midomo sikuizungushia mstari.

Koko aliitazama hadi chai ikapoa. Kisha akaita mtu alete msumari, akaonyesha mahali. Palikuwa chini sana, usawa wa kiuno changu.

"Koko, picha huwekwa juu," nikamwambia. "Ukiingia uione."

"Nashipae ako urefu gani?" akauliza.

Ikatundikwa chini. Mtoto alipokwenda mjini, uso wake ulibaki pale pale ulipokuwa siku zote.

Nilirudi Noonkopir nikafungua jalada la wale kumi na moja. Sasa niliona kosa. Nilikuwa nimewaketisha wote kama watu wa kitambulisho, na hakuna hata mmoja niliyempokea. Na msidhani kiganja juu ya kichwa ndiyo dawa ya wote. Kila mtoto ana kichwa chake anachokuletea. Mmoja alitaka kugonganisha ngumi na mimi, tena mara mbili. Mmoja alikuja na jino linalotikisika, na mpaka ulitazame na kustaajabu, hajafika. Mmoja alitaka tu nimwombe ruhusa. Hayo yote nilikuwa nimeyaandika nyuma ya karatasi bila kujua ninaandika nini. Niliwaita tena, nikawapokea, nikawachora. Ndani ya miezi michache nikawarudishia mama kumi nyuso zao, na zote kumi zikaondoka mezani.

Wa kumi na moja alikuwa Mwende. Lakini Mwende alikuwa amepelekwa Kitui kwa bibi yake kusoma. Nilijaribu kumchora kutoka kwa ule mchoro wa zamani. Mama Mwende akaukataa. Mwaka uliofuata nikajaribu tena, akaukataa. Mara ya tatu hakufuta hata mikono.

"Diploma, nilikukopesha mtoto, unanirudishia karatasi."

Miaka ikaenda. Kibanda kikawa studio, nyinyi mkaja, wateja wakaja kutoka Kajiado, Rombo, hata Nairobi. Nimechora mapacha ambao mama yao aliwatofautisha vizuri zaidi kwa mchoro wangu kuliko kwa macho. Nimemchora mtoto aliyekuwa akilia, na nawasihi msiogope kilio: msichore machozi, choreni kidevu, kwa sababu mtoto hulia kwa kidevu kabla ya macho. Nimesifiwa sana, na nilistahili. Lakini kila asubuhi nikifungua mlango, Mama Mwende alikuwa pale mbele, nywele zikizidi kuwa nyeupe, akiniuliza kama anayeuliza bei ya mkaa: "Mtoto wangu yuko wapi?"

Kidole kilipoanza kuvimba mwaka huu, daktari alisema nipumzike. Nikahesabu kazi zilizobaki, nikazigawa kwenu zote isipokuwa moja. Nilijua nina picha moja au mbili tu ndani ya mkono huu. Nikiondoka bila kumlipa mwanamke huyu, alichosema kuhusu ngozi kitabaki kuwa kweli.

Mwende alikuwa amerudi. Ana miaka ishirini na minne, anafanya kazi kwenye zahanati huko Kajiado. Nilimwomba aje Jumamosi. Alikuja na sare yake, amechoka, akaketi kwenye stuli ile ile bila kuambiwa.

"Mzee Diploma, mimi ni mtu mzima sasa. Utachora nini?"

Nikaweka ule mchoro wa zamani ubaoni. Mifupa yake ilikuwa sahihi: paji la uso, masikio, pua. Diploma haikuwa bure. Kilichokosekana ndicho nilichokataa siku ile.

"Mwende," nikasema, "ulipokuja hapa mara ya kwanza nilikukosea. Ulikuja na mtu, nami sikumsalimia. Madam hajambo?"

Alinitazama. Kisha mabega yakashuka. Shingo ikarefuka. Kope za chini zikapanda, na mikono yake, mikono ya muuguzi, ikajikunja yenyewe kifuani kana kwamba ina kitu chepesi chenye joto.

"Unamkumbuka Madam?" akasema kwa sauti ndogo.

Nikafumba macho.

Nilichora siku nne, nusu saa kwa siku, kidole kikiwa kwenye maji ya baridi katikati. Mifupa niliichukua kwa mtoto wa miaka sita, pumzi nikaichukua kwa mwanamke wa Jumamosi. Kuku sikumchora mzima. Nilichora mikono iliyojikunja na manyoya matatu yaliyochomoza chini ya kwapa.

Alasiri ya siku ya tano tukatoka nje, mimi mbele na Mwende nyuma, nikaweka picha juu ya meza ya nyanya. Mama Mwende alikuwa akimpimia mteja. Akageuka, akafuta mikono kwa aproni, akainama.

Mteja alikohoa. Kisha Mama Mwende akakunja uso, akainyooshea picha kidole, akafoka:

"Mwende! Nimekuambia mara ngapi, toa huyo kuku ndani ya nyumba!"

"Namtoa, mum," Mwende akajibu nyuma yangu, na nilisikia mguu wake ukirudi hatua moja.

Mteja alicheka. Mama Mwende hakucheka. Aliangalia picha, akamwangalia binti yake, akaangalia picha tena, na kope zake za chini zikapanda. Hakuniambia ni nzuri. Alinifungia nyanya nane kwenye gazeti, akaniambia niende nikapumzishe kidole.

Jioni nilikaa mlangoni nikamtazama akifunga. Aliingiza vitunguu, akaingiza mizani, akakunja turubai. Kisha akaichukua picha, akaifunga kwa leso yake, akaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kuku, akaenda nayo nyumbani. Meza ilibaki tupu.